Wiski ya Japani

...na mbona haichomi, maana nilikwisha kaza koo tangu Bwana, huyu Mwingereza ninayempikia, alipoinua ile chupa akasema imetoka Japani, kaka yake askari kaipata huko alipokwenda mapumziko wakati wa vita vya Korea, "Onja, Fridolin, uniambie kweli," na sasa amekaa kwenye kiti chake cha turubai ananitazama mdomo, mimi nimesimama barazani na bilauri mkononi, na kule kwenye mlango wa jiko amekaa shemeji yangu Domitila, mke wa kaka yangu Pantaleo, naye anangoja neno langu, basi leo kila mtu anangoja kinywa changu... Kwa Bwana neno ni rahisi, nitasema mbovu. Wiski mimi naijua, nani hapa Ifakara anaijua kama mimi, enzi sheria bado inamkataza Mwafrika kugusa chupa ya kizungu mimi nilikuwa nakunywa ya Uskoti humu humu jikoni, Bwana akirudi kupima mto ananimiminia, tena ya kimea kitupu, si ile ya kuchanganya wanayouza dukani, akanieleza shayiri inaloweshwa, inaachwa ichipue, inakaushwa kwa moshi, nikamwambia Bwana, huo si ndio ufundi wa mama yangu na ulezi wake, ila ninyi mnafungia kwenye pipa miaka na miaka, sisi asubuhi ipo, jioni tunalamba kibuyu, akacheka mpaka akakohoa... Nitasema mbovu. Wajapani wanajua nini habari za kimea, watu waliomchukua Pantaleo, mwizi wa ndugu yako hakupikii chakula ukakisifu, loh, na mbona moshi upo. Unakuja nyuma, taratibu, kama harufu ya nguo za mtu aliyeshinda jikoni. Piga funda jingine, Fridolin, labda ulimi umekudanganya... haujadanganya.

Na Domitila asubuhi yote hajagusa hata uji niliompa, ametembea kutoka Kivukoni alfajiri, "Shemeji, sikuja kugombana, Severini amesema baada ya mavuno haya hatangoja tena, anua matanga niolewe," Severini yule wa pantoni, mtu mwema, hata sina la kumsema, ndilo linaloniudhi, na padre naye anasema ukoo ukikubali kwamba Pantaleo amekufa atawafungisha ndoa, na ukoo ni nani, baba hayupo, mama hayupo, ukoo ndio mimi, mpaka mimi ninywe pombe ya matanga wa kwanza hakuna mwingine atakayeinywa, nikamjibu kama ninavyomjibu kila mwaka, kupotea si kufa, shemeji, serikali ilisema amepotea, haikusema amekufa, naye akaniuliza, "Kama hakufa, mbona haji?" na hapo Bwana akaniita, nikashukuru Mungu kuitwa. Mbona haji, hajui mimi nimekwisha kumjibu moyoni zamani, haji kwa sababu wamemficha, walimteka Burma, vita ile kubwa alipokwenda na jeshi la Mwingereza, wakampeleka kwao, si nilisikia nao wanakula wali, basi yuko bondeni kwao huko anapanda mpunga wa mtu, mgongo umepinda, kwa kupanda mpunga nani wa kumshinda Pantaleo, nimemjengea mpaka kibanda kichwani mwangu, na mlango wake, siku yule bwana wake akisinzia atatoroka, atashuka pale Kivukoni alipopandia, kaptura ya jeshi inampwaya, anacheka kama siku ile aliponiaga akisema, "Mdogo wangu, nguruwe wasiumalize mpunga, na mke wangu mtunze," nimemtunza kaka, nimemtunza mpaka...

"Bwana, hii imekaa kwenye pipa muda gani?" Anageuza chupa, anaikodolea macho, "Miaka mitano hivi, labda zaidi," halafu anaendelea, sijui kaka yake kazunguka nchi ile nzima kwa treni, watu wapole, walimkaribisha chai, simsikii vizuri... miaka mitano. Vita imekwisha, wao wakarudi nyumbani, wakaloweka shayiri yao, wakaifungia, wakakaa kuisubiri. Mtu mwenye mateka ndani hakai hivyo. Mtu mwenye mateka hakaribishi askari wa Mwingereza chai, hamwachi azunguke nchi nzima akichungulia mashamba. Bwana aliwahi kuniambia, wafungwa wote wa vita walirudishwa mwaka ule ule ilipokwisha, nikamchukia wiki nzima, nikamtilia chumvi kwenye supu, padre naye aliniambia hivyo hivyo, na sasa ulimi wangu mwenyewe, huu niliojivunia, ndio unaniambia hawa watu hawana mtu wangu. Hayuko huko. Hakuna bonde, hakuna kibanda. Inaniuma, kaka, inaniuma mno, ningependa iwe mbovu, ningeitema... Kule jikoni Domitila ameteremsha kanga anajipepea, na nywele, ala, lini zimeingia mvi, aliolewa msichana huyu, anatucheka tukila ugali wake uliobabuka, na mimi niliyesema namtunza nimemzeesha mlangoni kwangu, Pantaleo hakuniambia nimfungie.

"Vipi?" anauliza Bwana. "Sema, bwana wee, mbovu?" Nataka kumwambia ni nzuri, inakaribia ya kwenu, lakini kinywa hakifunguki, mkono ndio unaokwenda, unapita ukingo wa baraza, na wiski yote iliyobaki inashuka kwenye udongo, taratibu, kama mama alivyomwagia baba, maana aliye hai hamwagiwi, anapewa kibuyu mkononi, anayemwagiwa ni mfu. Bwana anaangua kicheko, "Kumbe mbovu kiasi hicho!" anapiga paja, atamwandikia kaka yake, bilauri bado ninayo, tupu, na kule jikoni Domitila amesimama, ameona ninamwagia nani, ameshika kichwa kwa mikono miwili.