Mama Asiiname

Kumtoa mtu mtoto wa jicho ni dakika ishirini tu. Kazi yenyewe huanza mkifika nyumbani. Wigati alilijua hilo kwa uchungu. Jicho la kwanza la mama yake, Sarinem, lilitoka hospitali likiona vizuri kabisa. Siku ya tatu mama mkubwa Ponirah akaliosha kwa maji ya majani ya tambuu, eti ndiyo dawa ya wazee. Likaoza.

Sasa limebaki moja, nalo limepasuliwa juzijuzi. Wigati akala kiapo. Matone mara nne kwa siku, yeye mwenyewe. Maji usoni, marufuku. Kuinama, marufuku wiki mbili, hata kwenye swala. Mama akawa anasali kwenye kiti.

"Umenifunga kama mbuzi," Sarinem alilalamika.

"Mbuzi ana macho mawili, mama. Tulia."

Idi ikaangukia siku ya tisa baada ya upasuaji. Na Idi ya Wajava, mdogo asipompigia magoti mkubwa wake, akamwekea paji la uso mapajani na kuomba radhi, ni Idi gani hiyo? Ponirah alishaketi sebuleni na batiki yake mpya, mgongo wima, anasubiri.

Sarinem akaanza kuteremka kitini. Wigati akamdaka.

"Niache! Tangu utoto sijaikosa."

"Hushuki."

"Watu wanatazama, wewe!"

"Watazame. Ukipofuka, wao ndio watakuongoza msalani?"

Ponirah akakohoa. "Kwa hiyo mwaka huu siombwi radhi? Binti ndiye mkubwa wa nyumba siku hizi?"

Wigati akamgeukia. "Jicho moja ulishaliosha, mama mkubwa. Hili haligusi mtu."

Lo! Hata watoto waliokuwa wakigombea vitafunio wakaviacha.

Ponirah akashika mkono wa kiti. Taratibu, magoti yakimlia, akashuka mpaka sakafuni mbele ya mdogo wake. Miaka sabini na minane, hajawahi kumpigia magoti mtu mdogo kwake.

"Lile jicho nililiua mimi," akasema. "Idi tatu unaniomba radhi wewe, na mkosaji ni mimi. Nisamehe, Nem."

"Dada, inuka! Jamani, inuka!" Sarinem alishaanza kuinama amwinue.

Wigati akamkamata mabega, akamvuta nyuma kwa nguvu zote, machozi yakimchuruzika mwenyewe.

"Msamehe, mama," akasema. "Lakini msamehe ukiwa umekaa!"