Mpangaji wa Chumba cha Uani

Mzee Kalinga alisimama uani, kofia mkononi, akauliza, "Huyu mama ni nani wenu?"

Helena na mimi tukajibu kwa pamoja: "Kwani si wako?"

Ilikuwa Jumamosi ya Julai mwaka 1976, mjini Iringa, asubuhi ya baridi ile ambayo hata kuku hugoma kutoka bandani. Nyuma yetu, katika chumba cha uani, cherehani ilikuwa ikilia bila kupumzika. Mwenye kuiendesha hakuinua hata kichwa.

Nilikuwa nimekwisha kuishi katika nyumba ile mwaka mmoja na nusu. Nilifika kutoka Tukuyu na sanduku la bati na barua ya kunipangia shule ya msingi ya kufundisha. Aliyenifungulia mlango alikuwa Mama Sakerbanu, mama wa Kihindi wa miaka sitini na ushei, mwembamba, miwani imefungwa kwa uzi. Alinitazama viatu, akaniuliza kama ninapika kwa mafuta mengi, kisha akanipa ufunguo. Nikajua moja kwa moja kwamba huyu ndiye mwenye nyumba, ingawa kodi yangu nilimpa Helena aipeleke pamoja na yake.

Helena Budeba alikuwa karani wa posta, binti wa mfugaji aliyeswaga ng'ombe wake kutoka Usukuma mpaka nyanda za Usangu. Yeye alinitangulia pale, na aliamini kwamba Mama Saker ni msimamizi aliyewekwa na Mzee Kalinga. Na Mzee Kalinga, aliyeinunua nyumba hiyo miaka minne nyuma na kuishi zake Ipogolo kwenye mashine yake ya kusaga, kumbe siku zote alidhani ni bibi tuliyemkaribisha sisi kwa huruma.

Watu watatu tulimtii mama mmoja, kila mtu kwa sababu yake, na hakuna sababu iliyokuwa ya kweli. Alitugombeza tukiacha bomba likidondoka. Aliamua nani afue lini. Mzee Kalinga mwenyewe aliwahi kuamriwa avue viatu mlangoni, akavua.

"Basi sikilizeni," mzee alisema sasa. "Kijana wangu Mika anarudi kutoka Igowole, kwenye chai, na anarudi kuoa. Nakitaka chumba hiki. Kama huyu mama si mpangaji wangu wala si ndugu yenu, basi ni mgeni. Na mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe."

Cherehani ikanyamaza.

"Jembe langu hili hapa," alisema Mama Saker, akikigonga kichwa cha cherehani. "Kamwene, Kalinga. Siku hizi Wahehe hamsalimii?"

Mzee akasalimia, kwa aibu, kwa Kihehe, naye akajibiwa kwa Kihehe safi kuliko chake. Lakini hakubadili neno. Alimpa mpaka mwisho wa mwezi.

Alipoondoka, nilikaa kwenye kigoda karibu na cherehani. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, na sikuwahi kumwona mama yule akikosea kutunga uzi. Siku ile alikosea mara tatu.

"Nimezaliwa katika chumba hiki," alisema. "Shiraz, mtoto wa kaka yangu, aliuza nyumba akahamia Dar es Salaam. Akasema, shangazi, twende. Niende kufanya nini? Huko jasho, nguo zote watu wanavaa nyepesi."

"Lakini mama, kodi unalipa?"

"Kila Januari."

"Unamlipa nani?"

"Kalinga. Sare za watoto wake sita. Kaptula, mashati, magauni. Na suti yake ya Pasaka."

Nikasogeza kigoda karibu. "Na yeye anajua kwamba hiyo ndiyo kodi?"

Alinitazama juu ya miwani. "Aliponunua nyumba nilimwuliza, kodi yangu je? Akasema, mama, tutaelewana. Nikampelekea sare, akapokea. Si tumeelewana?"

Jumatatu hiyo niliomba ruhusa shuleni, tukaenda bomani kwa afisa aliyeshughulikia mashauri ya nyumba, mtu mnene mwenye mafua aitwaye Bwana Faustin. Wiki iliyofuata akatuita sote. Mama Saker alivaa sweta mbili. Mimi niliogopa, maana ni mimi niliyeanzisha mambo, na kama tungeshindwa ningekuwa nimemwaibisha mbele za watu.

Mzee Kalinga alieleza kwamba hajawahi kupokea hata senti kutoka kwa mama huyu. Aliapa kwa ukweli kabisa.

Bwana Faustin alipenga kamasi, akamtazama. "Suti hiyo uliyovaa, mzee, umeinunua wapi?"

Mzee akajitazama kifuani kama mtu aliyemkuta mgeni ndani ya koti lake.

"Kanishonea mama huyu."

"Ulimlipa?"

"Hapana. Nilijua ni zawadi."

"Na sare za watoto?"

"Zawadi."

"Miaka minne, zawadi mwezi ule ule, na mara ya kwanza baada ya kukuuliza habari za kodi?" Bwana Faustin akachukua kalamu. "Kodi si lazima iwe fedha, mzee. Huyu ni mpangaji wako, na amelipa kuliko wengi ninaowajua."

Mzee Kalinga alianza kucheka yeye kwanza. Alicheka mpaka akashika meza. "Na mimi nikijisifu Ipogolo nzima kwamba Wahindi wananipenda!"

Tukadhani yamekwisha. Lakini afisa alikuwa na mkataba wa vyumba viwili vya mbele mkononi, na ndani yake jina lilikuwa moja tu, la Helena.

"Na wewe mwalimu, ni nani katika nyumba hii?"

Nikamgeukia Helena. "Nilidhani ni mdogo wake Helena," alisema Mzee Kalinga. Mimi Mnyakyusa na Helena Msukuma!

"Andika yuko kwangu," alisema Mama Saker. "Ufunguo nilimpa mimi."

Mika na mkewe Evarista walijengewa chumba upande wa pili wa uani kabla ya mvua, na gauni la harusi lilishonwa mita kumi tu kutoka mahali lilipokuja kuanikwa.

Mwaka 1979 nilihamishiwa Mbeya. Mama Saker aliniandikia barua ya kumpa mwenye nyumba wangu mpya, kwa herufi kubwa zilizolala upande: *Huyu ni mtoto wangu wa kupanga. Hafungi bomba vizuri. Mtunzeni.*

Yule bwana aliisoma mara mbili, akaniuliza ni kupanga kupi, kupanga chumba au kupanga mtoto. Nikamwambia hata mimi sijui vizuri, ila naomba ufunguo.