Mmoja Majini, Mmoja Nchi Kavu

Mama yetu alikuwa na sheria moja tu kuhusu bahari, na hakuna aliyethubutu kuigusa: mtoto mmoja majini, mmoja nchi kavu. "Mungu kanipa wawili," alikuwa akisema huku akikamua mashuka ya wageni. "Siwezi kuipa bahari wote kwa mkupuo mmoja."

Alikuwa dobi wa nyumba ya wageni iliyokuwa mwisho kabisa wa barabara, na kila likizo ya shule tulihamia naye huko. Wageni walifuata mawimbi. Walikuja na mbao zao ndefu za kutelezea juu ya mawimbi, wakalala chali juu ya mchanga wakisubiri maji yachachamae, kisha wakaenda kusimama juu yake kama watu waliosimama sebuleni kwao. Mmoja wao aliacha ubao uliovunjika ncha, na mdogo wangu wa kiume akauokota kabla haujatupwa. Huyo mdogo wangu alikuwa na miguu mirefu isiyokwisha, kila mtu akamwita Korongo.

Kisheria tulitakiwa kupokezana. Hatukupokezana hata siku moja. Yeye aliwahi ubao, mimi nikawahi mwamba, na kila mtu akaridhika na chake. Ukiwa majini unaona wimbi lililo mbele ya pua yako tu, lakini ukiwa juu ya mwamba unayaona yote yamepanga foleni. Basi nilichukua taulo la wageni lililotoboka. Nikiliinua, Korongo ajiandae. Nikilishusha, aliache wimbi lipite. Wafanyakazi wa pale wakanibandika jina la Trafiki, na kwa kweli nililipenda, kwa sababu tangu utotoni napenda kuamrisha watu.

Sasa nina duka langu la kushona sare za shule, na nimeshapita umri wa kuulizwa umri. Korongo alikuwa dereva wa basi la shule hadi mwaka huu. Ijumaa moja asubuhi alikuja dukani, akaigonga meza ya kupigia pasi wakati anapita, akaigonga tena wakati anaiomba radhi, akakaa kwenye kigoda cha wateja.

"Dada, twende kule. Leo hadi Jumapili."

"Kule wapi?"

"Kule kwa mama."

Nikasimamisha cherehani. Nikamuuliza daktari wa macho amesema nini, maana nilijua alikuwa ametoka huko.

"Kasema macho yanajifunga kuanzia pembeni. Sasa hivi nakuona wewe, lakini mlango wako siuoni. Ni kama nachungulia kwenye bomba, na bomba lenyewe linazidi kuwa jembamba. Dawa zinachelewesha tu. Funguo za basi nimesharudisha."

Mimi nikiogopa, nagomba. Nilimgombeza kwa nini hakwenda mapema, kwa nini alikuwa anaendesha watoto wa watu, kwa nini hakuniambia, hadi mwanafunzi wangu wa ushonaji akajifanya kaitwa nje. Yeye alisubiri nimalize. Kisha nikafunga duka, jambo ambalo huwa silifanyi Ijumaa, nikaenda kutafuta begi.

Wifi yangu, mke wa Korongo, alinipigia simu tukiwa njiani. "Wifi, nakuomba, usimwache aingie kwenye yale maji. Goti lake lenyewe bovu." Nikamwahidi, nikijua namdanganya. Nilikuwa nimeshaamua kwamba ndugu yangu atapanda wimbi lake la mwisho akiwa bado analiona, hata kama itabidi nimsukume mimi mwenyewe.

Basi lilitushusha njia panda, tukamalizia kwa pikipiki kwenye njia ya mchanga. Nyumba ya wageni ilikuwa na mwenye mpya na rangi mpya, lakini chumba cha kufulia kilikuwa palepale, kimegeuzwa stoo ya mbao za kutelezea. Karo la kufulia la saruji walishindwa kuling'oa. Niliweka mkono kwenye ukingo wake, pale marehemu mama alipokuwa akisugulia kola za mashati, nikakuta pamelainika kama shavu la mtoto. Nililia palepale, wala sikuona aibu. Korongo aliinama akanusa karo, akasema bado lina harufu ya sabuni ya mche. Halikuwa nayo. Nikamwambia ni kweli linanukia.

Jumamosi asubuhi nilikunywa chai haraka, nikachukua taulo chumbani, nikapanda mwamba wangu. Miguu ililalamika lakini ilifika. Mawimbi yalikuwa yamepanga foleni kama zamani, na nilijisikia msichana kabisa. Nikamwona Korongo anakuja taratibu na binti mmoja mwenye misuli, mwalimu wa kuteleza wa pale, kabeba mbao mbili ndefu. Wakafika chini yangu. Binti akanyoosha fulana nyeusi ya mikono mirefu, kama ile aliyovaa yeye.

"Mama, shuka uvae hii."

"Nivae niende wapi?"

"Dada," Korongo akasema, "leo zamu yako."

Nilicheka. Nikaona hacheki, nikaacha.

"We Korongo, akili zako ziko sawa? Nimefunga duka nije nikuone wewe."

"Mimi nimeteleza vya kutosha. Mwili unakumbuka wenyewe, hata macho yakizima hautasahau. Lakini sijawahi kuona, Dada. Kuona kutoka hapo ulipokaa. Jioni ulikuwa unamsimulia mama nilivyosimama, mimi nasikiliza kama habari za mtu mwingine. Nataka nikione hicho kitu mara moja, wakati bomba bado lina tundu."

"Vijana wamejaa hapa. Watazame hao."

"Hao wana ndugu zao."

Nikamwambia kwamba mimi ni mama wa watu, nina kisukari kidogo, na nywele nimezisuka juzi. Akanijibu kwamba ng'ombe hazeeki maini. Nikashuka nikiwa nanung'unika, nikavaa ile fulana iliyonibana kila mahali, nikamkabidhi taulo. Akalipokea, akaanza kuupanda mwamba kwa kupapasa, na hapo nikajua sina pa kukimbilia.

Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Sikuoga, nilipigwa. Wimbi la kwanza lilinipindua, la pili likanivua kilemba, la tatu nikalinywa. Mwalimu aliushika ubao kwa nyuma na kunisukuma, akisema, "Simama, mama, simama sasa!" kana kwamba nimekaa kwa kupenda. Niliitukana ile bahari kwa matusi ambayo sikujua kama ninayo. Kila nilipoibuka nilimtafuta Korongo mwambani, namwona kakunja uso, kichwa kinakwenda huku na huku, ananitafuta kwenye maji yote yale kwa yale macho yake. Hilo ndilo lililonitia nguvu. Nilisema, haki ya Mungu, kama ni mara moja, basi iwe sasa.

Wimbi likaja, nikasukumwa, na safari hii ubao ukakaa sawa. Nilikwenda! Nilikwenda kwa tumbo, nimeukumbatia ubao kama mwizi aliyebeba godoro, macho nimeyafumba, hadi mchanga ukanikwaruza magoti. Kusimama sikusimama. Hata kupiga magoti sikupiga. Nyuma yangu mwalimu alipanda wimbi lililofuata, akasimama wima katika ile fulana nyeusi, akateleza hadi ufukweni bila wasiwasi.

Nikasikia kelele. Korongo alikuwa ameshuka mwambani, anakimbia na suruali yake ndani ya maji, machozi yanamtoka.

"Umesimama! Dada, umesimama! Nimekuona! Wima kabisa!"

Alinikumbatia tukaanguka wote wawili. Mwalimu alitufikia na ubao wake kwapani, akafungua mdomo kusema neno. Nikamkata jicho, lile ninalowakata wanafunzi wangu mkasi ukiwa hewani. Akaufunga.

"Nimesimama," nikasema. "Sasa nitoe, mchanga umeniingia kila mahali."

Tulikaa barazani na chai, tumejifunga mashuka. Yeye hakuacha kutabasamu. Mimi nilikuwa na furaha na nilikuwa na uchungu, vyote pamoja, na sikujua niweke wapi mikono yangu.

"Haya, simulia," akasema. "Kama ulivyokuwa unamsimulia mama. Ilikuwaje?"

Ningesema nini? Nilichokuwa nacho ni kile nilichokiona likizo zote zile nikiwa nchi kavu. Nikakitoa.

"Kwanza unasubiri," nikasema. "Wenzako wanapiga maji kwa mikono kabla ya wakati, wewe umetulia hadi likunyanyue. Husimami kwa pupa. Goti kwanza, kisha mguu wa kulia unatangulia mbele, mikono inafunguka, lakini vidole umevikunja kama umeficha pipi. Na unacheka. Unameza maji, lakini unacheka tu, mtu anakusikia hadi mwambani. Ukifika mwisho huanguki. Unashuka tu, unatembea."

Korongo aliipapasa meza hadi akaupata ukingo, ndipo akaweka kikombe.

"Mguu wa kulia mbele?"

"Ndiyo, wa kulia."

"Dada, watu karibu wote wanatanguliza wa kushoto. Yule mwalimu uliyekuwa naye pia, nimemwona asubuhi. Wa kulia ni wangu."

Nilijua nimeiharibu safari nzima, nimemnyang'anya kile kitu kimoja alichokifuata, na kwa bomba lile hakuna atakayemrudishia.

Lakini hakukasirika. Alijiegemeza kwenye kiti akafumba macho.

"Endelea," akasema polepole. "Nilikuwa nimevaa nini?"

Nikavuta kiti changu karibu naye.

"Kaptula ya shule, yenye kiraka nyuma. Na mama alikuwa kasimama pembeni yangu, povu hadi kwenye viwiko, anakupigia makofi."

Akafumbua macho. "Mama? Mama alikuwa haji ufukweni."

"Alikuwa anakuja kila siku," nikamwambia. "Zile simulizi zangu za jioni alikuwa anazijua zote. Ukianza kutoka majini, anakimbia kurudi kwenye karo lake usije ukamwona."