Miguu ya Nzisa

Binamu yangu Nzisa alikuwa na nywele miguuni, tena nyingi, na kwetu Nuu hilo si dhambi wala ugonjwa. Ukoo wetu wote uko hivyo. Mimi Kanyiva ninazo, shangazi zetu wanazo, na marehemu nyanya yetu alikuwa nazo mpaka kwenye vidole. Aliolewa, akazaa, akazeeka, na hakuna aliyewahi kumuuliza habari za miguu yake. Lakini Nzisa alikuwa ameumwa na maneno, na aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Nyoka wenyewe walikuwa watu wa Zombe. Kijana mmoja wa huko, mwenye duka la mabati na misumari, alikuwa amemchumbia, na dada zake wakaja kumtazama. Walimkuta akifua nguo, sketi ameikunja hadi magotini. Mmoja akamwangalia kutoka chini kwenda juu, kisha akamwambia mwenzake kwa sauti ya kusikika, "Kwani tunaoa mwanamke ama tunaandika askari?" Wakacheka. Wakanywa chai yetu, wakala chapati zetu, wakaenda, na hawakurudi tena. Mimi sijui kama ni miguu iliyowafukuza au ni roho zao mbaya, lakini Nzisa alisema ni miguu. Tangu siku hiyo hakuvaa sketi isiyofika chini. Hata kwaya ikiimba nje, jua la kukaanga mawe, yeye alikuwa na soksi ndefu.

Kwa hiyo Musyimi wa Kasikeu alipotuma habari kwamba watu wake wanakuja na mbuzi wa ntheo, binamu yangu hakuruka wala kupiga vigelegele. Na hao ndio mbuzi ambao kwetu Ukambani, mwanamume asipowatoa hajaoa, hata kama alifunga harusi kanisani na keki ya ghorofa. Nzisa aliingia chumbani kwangu, akafunga mlango, akaketi kitandani.

"Kanyiva, kuna leso," akasema.

Nilimwelewa mara moja. Siku hizi kwenye ntheo bibi harusi hufichwa. Wasichana wa kimo kimoja husimamishwa kwenye mstari, wote wamefunikwa leso kuanzia kichwani, na bwana harusi hutakiwa amtambue wake. Kusema hairuhusiwi, kukohoa hairuhusiwi, na viatu huvuliwa visije vikatoa siri. Kinachobaki nje ni miguu, kutoka katikati ya muundi hadi kwenye vidole. Bwana akikosea hutoa mbuzi wa faini na watu hucheka, ingawa wazee wengine hawacheki. Wao husema asiyemjua mkewe ndani ya leso hatamjua ndani ya shida.

"Watasimama pale waangalie miguu yangu, ukoo wao mzima," Nzisa akasema. "Na shangazi yake Musyimi, Mbula, atakuwa hapo. Huyo ndiye amemlea, na akisema hapana ni hapana. Hii ikiharibika kama ya Zombe, mimi siolewi tena. Nakwambia siolewi."

"Musyimi mwenyewe hajawahi kuziona?"

"Ataziona wapi? Siku ile ya bwawa nilishusha sketi kabla hajafika."

Bwawa lilikuwa lile la mchanga ambalo kikundi chetu kilijenga mtoni. Musyimi ndiye fundi aliyeletwa kulisimamia, na hapo ndipo walipojuana. Niliwahi kumwambia Nzisa kwamba mwanamume anayesoma mto kwa macho hawezi kushindwa kusoma mguu, akaninyamazisha.

Tukaanza kutafuta njia. Wembe hakutaka hata kuusikia, kwa sababu alikwisha kuutumia zamani na nywele zikarudi haraka, ngumu kama mabua ya mtama. Mimi nikamletea jivu la jikoni, nikampaka, nikaanza kumnyonyoa kwa vidole kama kuku. Asubuhi nzima ikaisha nikiwa nimesafisha mahali pa ukubwa wa kiganja, na matusi aliyonitukana siku hiyo hayafai kwa mwimbaji wa sauti ya kwanza. Kisha tukanunua dawa ya kupaka kwenye duka la dawa. Ilinuka yai viza, ikamwasha, ikamwachia mabaka mekundu, na nywele nyingi zikabaki mahali pake zikitutazama. Tena yote hayo kwa siri, kwa sababu mama yake ni mzee wa kanisa na anaamini kung'oa alichopanda Mungu ni kiburi.

Siku ya kuamkia ntheo tulikuwa hatujapata kitu. Nzisa hakuwa anakula. Nilimwona akitazama wembe tena, nikasema huyu atajikata mshipa. Nikampeleka Mwingi kwa Zulekha.

Zulekha tulisoma naye sekondari. Babu zake walitoka pwani wakaja kufanya biashara Mwingi wakabaki, na yeye huwapamba maharusi kwa hina chumbani nyuma ya duka la mama yake. Alitusikiliza, akacheka mpaka akashika mbavu.

"Wembe, jivu, dawa!" akasema. "Na mimi niko hapa siku zote. Bibi harusi wa kwetu hatoki ndani bila hii."

Akaweka sufuria jikoni: sukari, maji ya ndimu, na maji kidogo. Akakoroga taratibu mpaka ikawa rangi ya asali, akaiacha ipoe, akaifinyanga mkononi kama unga wa chapati. Akaipaka kwenye muundi, akaibandua kwa mara moja. Nzisa akatoa mlio nisioujua. Lakini pale ilipobanduliwa palibaki peupe kabisa, hakuna kitu.

"Kanyiva, na wewe?" Zulekha akaniuliza alipomaliza.

"Mimi sina mtu wa kumwogopa," nikasema. Ukweli ni kwamba niliogopa maumivu.

Zulekha akampaka Nzisa mafuta ya nazi, halafu akauliza kama mtu aliyekumbuka kitu kwa kuchelewa, "Bwana mwenyewe alisema hazitaki?"

"Hajui kama ziko."

"Haya," Zulekha akasema, akafunika chupa ya mafuta. Nzisa alikuwa anaipapasa miguu yake na machozi yanamtoka kwa furaha, na mimi nikafurahi naye. Njiani kurudi alikuwa anaimba.

Watu wa Kasikeu walifika kesho yake na mbuzi wao, wakafungiwa mlangoni wakaimba, wakafunguliwa. Sisi wasichana, mimi na Nzisa na rafiki zake wa kwaya wasio wa ukoo wetu, tulikuwa tumekwisha kupangwa uani, tumefunikwa. Nzisa alikuwa kushoto kwangu. Ndani ya leso kuna joto na giza la rangi rangi, huoni mbele, unaona chini tu. Niliona vidole vyangu, niliona miguu ya Nzisa myororo kama ya mtoto, na baadaye nikaona viatu vya Musyimi, vyeusi, vimejaa vumbi la kwetu.

Wanawake wao walikuwa wanaimba wakimhimiza. Viatu vilipita taratibu kutoka upande wa pili. Vikafika kwa Nzisa. Havikusimama hata kidogo, vikampita kama vile vinapita nguzo.

Vikasimama mbele yangu.

Akainama. Nilisikia magoti yake yakilia. Nikaielewa hatari yote kwa mara moja: mimi ndiye niliyebaki na nywele kwenye mstari ule. Nikasema moyoni, ondoka baba, mimi si wako. Akinigusa tu imekwisha, kwa sababu nani atamwambia shangazi yake kwamba alimchagua binamu kwa bahati mbaya? Na Nzisa atakaa na hilo maisha yake yote. Musyimi alikaa pale chini muda ambao kwangu ulikuwa mrefu kuliko mahubiri ya Pasaka. Kisha akanong'ona, "Hapana," akainuka.

Akarudi mwanzo wa mstari, akapita tena. Akampita Nzisa tena. Wimbo ukaanza kulegea, sauti moja moja ikiacha, mpaka nikasikia mbuzi wakilia kule walikofungwa.

"Hayuko," Musyimi akasema.

"Nani hayuko?" Hiyo ilikuwa sauti ya Mzee Nthiwa, babake Nzisa.

"Nzisa, mzee. Kwa hawa wote hayuko. Mmenipangia wasichana wengine."

"Kijana, unaniita mwongo kwa boma yangu?"

"Sijasema hivyo, mzee."

"Umesema! Watu wote wamesikia!"

Shangazi Mbula akaingilia. Sauti yake ilikuwa ya chini, na hiyo ndiyo ilinitisha zaidi. "Mzee, huyu mtoto nimemlea mimi na hajui kudanganya. Kama mmeficha msichana, semeni. Kama amebadilisha nia, semeni pia, hakuna vita. Sisi tumetoka mbali na mbuzi zetu, hatukuja kuchezewa."

"Basi rudini nazo!" Mzee Nthiwa akafoka. "Wafungulieni mbuzi zao! Mara Zombe, mara Kasikeu, mimi nimechoka na watu wa kuja kudharau mtoto wangu!"

Nikasikia miguu ikikimbia, na kamba zikivutwa. Mama yake Nzisa akasema kwa kusihi, "Musyimi, angalia tena, mwanangu. Pole pole."

"Mwaitu, nimeangalia," Musyimi akasema, akimwita mama kabisa kama mtoto wake. "Nikiangalia tena nitachagua mtu si wangu, na hiyo siwezi. Mimi Nzisa namjua kwa miguu."

"Kwa miguu?" shangazi Mbula akauliza.

"Siku ya bwawa alikuwa ndani ya matope, anabeba mawe na wanaume. Ako na nywele kwa miguu, nyingi, zilikuwa zimelala kwa sababu ya maji. Aliponiona akashusha sketi, lakini mimi nilikuwa nishaona. Nikasema, huyu ndiye. Tangu hiyo siku akivaa zile soksi zake najua ni nini iko ndani, na najua hataki nijue, kwa hivyo nikanyamaza. Hapa kuna mmoja anafanana na yeye. Lakini si yeye."

Nilitaka kulia na nilitaka kumpiga mtu. Miaka yote ile ya soksi kwenye jua! Mkono wa Nzisa ukanitafuta chini ya leso, ukanishika, baridi kama chuma. Nilijua kinachomfunga. Akisema ameivunja mila mbele ya wazee, na mama yake atajua alikuwa Mwingi akifanya nini, na kila mtu wa kaunti mbili atamtazama miguuni, jambo aliloliogopa kuliko kufa. Akinyamaza, mbuzi wanaondoka. Nilimfinya. Hakutikisika. Nilisikia mbuzi wa kwanza akiburutwa kuelekea langoni, akilia.

Nzisa akauachia mkono wangu. Akaivuta leso yake mwenyewe kutoka kichwani, ikaanguka chini.

"Ni mimi," akasema.

Wanawake wakapiga ukelele wa mshtuko. Bibi harusi hajifunui, hata mtoto anajua hivyo. Mimi nami nikaitupa yangu, kwa sababu nisingekubali mambo yale yanipite nikiwa gizani.

Musyimi alikuwa amesimama hatua chache kutoka kwetu, uso umemwiva. Akamtazama Nzisa usoni, akatazama miguu yake, akarudi usoni, kama mtu aliyerudi nyumbani akakuta mlango umepakwa rangi nyingine.

"Umezipeleka wapi?" akauliza.

"Nilizitoa."

"Kwa nini?"

Nzisa akamtazama mama yake, akamtazama shangazi Mbula, kisha akasema bila kuinamisha kichwa, "Nilifikiri ukiziona utarudi Kasikeu."

"Na nilikuwa narudi," Musyimi akasema. "Kwa sababu sizioni."

Hakuna aliyecheka. Mzee Nthiwa akaashiria kwa mkono mbuzi arudishwe. Shangazi Mbula akatembea mpaka kwa Nzisa, akaitazama ile miguu kwa muda, akatikisa kichwa. "Aiya, mwanangu," akasema. "Nani alikwambia sisi ni watu wa Zombe?" Akaiokota leso, akamfunga nayo mabegani.

Hapo ndipo wazee walipopata sauti zao. Wa kwetu wakadai faini, maana bwana harusi alishindwa kumtambua mke. Wa Kasikeu wakadai faini, maana bibi harusi alijifunua mwenyewe. Wakaanza kubishana kwa raha, wakivuta viti, na wanawake wakarudi kwenye wimbo pale ulipokuwa umekatikia.

Musyimi hakuwa anawasikiliza. Alimsogelea Nzisa, akamuuliza polepole, nami nilikuwa karibu kiasi cha kusikia.

"Zitaota tena?"

"Zitaota," Nzisa akasema, machozi yakimshuka.

"Basi nitangoja."