Vitabu Vimekwenda Kutiwa Jalada

Wako watu wakikasirika hulia, na wako wanaovunja vyombo. Mkutubi wetu alikuwa akikasirika anapanga vitabu. Ukimkuta asubuhi rafu nzima ya sheria za ardhi imenyooka kama askari wa gwaride, jua kuna mtu amemuudhi, na ukiwa na akili zako unarudi ulikotoka.

Siku ile alipanga mpaka vitabu vya kodi, ambavyo hakuna binadamu aliyevigusa tangu viletwe.

Alikuwa bado mgeni kazini, mwaka wa majaribio haujamtoka mwilini. Alisoma sheria, akamaliza, halafu badala ya kuvaa joho akaenda kusomea ukutubi. Jambo hilo mama yake aliwaeleza majirani hivi: "Mwanangu ni karibu hakimu." Ukaribu wenyewe ni kwamba alikaa karibu na vitabu vya mahakimu. Chuo kilimpa kaunta katika maktaba ya sheria, kiti kinachoyumba, na kipindi kimoja kwa wiki cha kufundisha wanafunzi namna ya kutafuta sheria. Kipindi kiliwekwa Jumatano baada ya chakula cha mchana, saa ambayo hata nzi amelala. Feni ya chumba kile ililalamika kuliko wanafunzi, na ukuta wa kuonyeshea picha ulikuwa na doa la unyevu, kwa hiyo kila hukumu aliyoionyesha ilionekana imemwagiwa chai.

Hata hivyo alikipenda kipindi kile kama mtu anavyompenda mtoto mtundu. Maana aliwaona mawakili wa kesho wakikimbilia simu zao, wakinyakua kesi ya kwanza wanayoiona, wakaiita sheria.

"Hukumu ni jogoo," aliwaambia siku ya kwanza. "Nyumbani jogoo akichinjwa ananyamaza. Kitabuni hanyamazi ng'o. Mahakama ya juu imeshamtengua, imeshamchinja, imeshamnyonyoa, na yeye bado anawika ukurasa uleule kwa sauti ileile. Wewe wakili mbichi unamsikia, unambeba kwapani mpaka mahakamani, na hakimu anakuuliza: huyu marehemu umemleta afanye nini?"

Walicheka, wakaamka. Tangu siku hiyo hapakuwa na mtu wa kutaja kesi darasani bila mwenzake kumuuliza, "Anawika, au marehemu?" Na yeye wakampachika jina la Mama Jogoo, ingawa hakuwa na mtoto wala kuku.

Sasa, aliyemuudhi.

Alikuwepo mhadhiri mmoja, daktari wa sheria, si wa sindano. Wanafunzi walimwita Kwa Ufupi, kwa sababu alikuwa akilitamka neno hilo tu, mwenye mkoba anaushusha chini. Safari ni ndefu. Kitivo kilikuwa kinajiandaa kwa shindano la mahakama ya kuigiza. Vikosi viwili vya wanafunzi hupewa kesi ya kutungwa, wanaibishania mbele ya majaji wa kuigiza, na washindi wanakwenda kukiwakilisha chuo huko nje. Kikosi cha kwanza kilinolewa na Kwa Ufupi mwenyewe, vijana aliowachagua kwa mkono wake. Cha pili kilikuwa cha watu wazima waliorudi shule ukubwani, na kiongozi wao alikuwa nesi wa zamu za usiku. Hao hakuna aliyewanoa. Walijinoa wenyewe kwa wenyewe, kama visu vya jikoni.

Kwa Ufupi alikuja kaunta, akaweka karatasi ya swali la shindano juu ya kitabu ambacho mkutubi alikuwa anakisoma.

"Binti, nitafutie kesi zote za swali hili. Uzipange, uzitie alama, ziwe mezani kwangu Ijumaa."

"Daktari, vijana wako wapo. Waje, niwaonyeshe njia ya kuzitafuta."

"Sijasema uwaonyeshe. Nimesema utafute wewe."

"Wakitafutiwa, watajifunza nini?"

"Kushinda." Akatabasamu kama mtu anayemtania mtoto. "Na zile juzuu zinazohusika, ziondoe rafuni. Wakija wale wazee wa yule nesi, waambie vitabu vimekwenda kutiwa jalada."

Mkutubi alidhani hakusikia vizuri. Akamtazama usoni, akaona amesikia vizuri kabisa.

"Unataka nifiche vitabu? Mimi? Wa maktaba?"

"Nataka ufikirie mbele. Kwa ufupi, kamati ya kuthibitisha watu kazini inakaa mwezi huu, na mimi ni mjumbe. Kitivo kina maswali kama kweli kile kipindi chako kinahitajika. Kuonyesha watu vitabu vilipo, hata mfagiaji anaweza."

Akaondoka, viatu vikilia kwenye sakafu ya maktaba kana kwamba kimya kimewekwa kwa ajili ya wengine.

Hapo ndipo ilipoanza ile kazi ya kupanga vitabu vya kodi. Alivipiga rafuni, kimoja kimoja, pa, pa, pa, mpaka Mkutubi Mkuu akatoka ofisini kwake. Huyu alikuwa mzee anayehesabia kustaafu. Alitembea na shada la funguo kiunoni, ukisikia kengele ujue ndiye. Alisimama chini ya kibao alichokiandika kwa brashi yake mwenyewe alipoanza kazi, enzi za ujana wake: MSOMAJI AKIULIZA, AJIBIWE.

"Mwanangu, taratibu. Hivyo vitabu vina umri kunizidi."

Mkutubi akamweleza yote. Mzee akaangalia mlango, akaangalia dirisha, akashusha sauti.

"Mpe tu. Mkono usioweza kuukata, ubusu."

"Mzee, mkono wenyewe unaniambia niibe!"

"Kuficha siyo kuiba."

"Basi nami nikifiche kile kibao chako hapo juu? Tuseme kimekwenda kupakwa rangi?"

Mzee alikitazama kibao kama mtu aliyekutana na picha yake ya harusi. Akarudi ofisini, funguo zikilia.

Jioni mkutubi alimkuta mama yake kwenye cherehani, pini zimejaa mdomoni. Mama huyu alishona nguo za mtaa mzima, na siri zote za viuno vya mtaa alizijua yeye. Binti akatupa mkoba kitini, akasimulia huku anazunguka chumbani, na kila alipomaliza alianza upya, maana hasira haina kituo.

Mama akatema pini moja moja kiganjani. "Umemaliza, au kuna mzunguko mwingine?"

"Mama, usinichekeshe. Na usiniambie hasira hasara."

"Nani kakwambia? Hasira ni moto. Mwingine unaunguza nyumba, mwingine unapasha pasi." Akagonga pasi yake. "Sikiliza. Yupo mama mmoja hapa mtaani aliwahi kunidharau mbele ya wateja. Eti fundi wa kushona ni mtu wa kuita tu, kama paka. Unadhani nilimshonea vibaya?"

"Ulimfanya nini?"

"Nilimshonea vizuri sana. Ila siku ya kumpima nilimpima hapo barazani, watu wamejaa, na kila kipimo nikakitaja kwa sauti. Kifua, nikakitaja. Tumbo, nikalitaja mara mbili, eti sijaamini. Kazi yangu nimeifanya au sijaifanya?"

"Umeifanya."

"Basi." Akarudisha pini mdomoni, akaongea kupitia meno. "Kazi yako ifanye kwa sauti."

Jumatano ile mkutubi aliingia darasani akisukuma toroli lenye gurudumu linalolia kama mtoto anayeachishwa ziwa. Juu yake zilikuwa juzuu zote zilizotakiwa kwenda kutiwa jalada. Vijana wa Kwa Ufupi walikuwa mstari wa mbele, mashati yamepigwa pasi. Nesi na wenzake walikuwa nyuma. Nesi ametoka zamu, jicho moja darasani, jingine limeshalala.

"Leo tuna bahati," alisema mkutubi. Sauti ilikuwa tamu, na waliomfahamu wakakaa wima. "Daktari wenu ameniletea swali la shindano, akaomba kesi zote zitafutwe. Mimi kazi yangu ni kufundisha kutafuta. Kwa hiyo tutatafuta sote, hapahapa. Vitabu ndivyo hivi."

Jicho la nesi lililolala likafunguka. Kijana mmoja wa mbele akainua mkono. "Samahani, Mama Jo... mwalimu. Daktari alituambia utatuletea sisi."

"Nimewaletea. Hamvioni?"

"Sisi peke yetu."

"Ah!" alisema nesi kutoka nyuma. "Kwani nyinyi mna macho zaidi? Njoo tufungue, mdogo wangu, kitabu hakichagui mkono."

Chumba kikachafuka, uchafukaji ule mzuri. Walisukumana kwenye toroli, wakagawana juzuu, wakaitana. Mmoja anasoma, mwingine anafuatilia mahakama ya juu ilisema nini baadaye. "Huyu anawika!" "Huyu kachinjwa, tena na mahakama yake yenyewe!" "Subiri, kanyonyolewa nusu, upande mmoja bado mzima!" Mkutubi alipita kati yao, akiwauliza bila kuwajibu, akiwarudisha ukurasa wa nyuma. Yule kijana wa mbele alijikuta anashindana kuhusu tanbihi moja na nesi, vichwa vimegusana, amesahau kama huyo ni adui.

Mlango ukafunguliwa kwa kishindo. Kwa Ufupi.

"Nini hiki?"

"Kazi yako, Daktari," alisema mkutubi. "Nimeleta mapema. Hata Ijumaa haijafika."

"Nilikuambia—"

"Uliniambia nini? Sema, darasa lisikie. Nisije nikakunukuu vibaya. Hapa tunafundisha kunukuu."

Feni peke yake ndiyo iliyothubutu kulalamika. Kwa Ufupi alifungua mdomo, akaufunga. Kwa mara ya kwanza katika historia ya kitivo alikuwa mfupi kweli.

"Tutaonana kwenye kamati," alisema, akatoka.

Wakaonana. Yaani wanakamati walionana, mkutubi hakuitwa. Shindano likapita, kikosi cha nesi kikashinda kwa mwanya mdogo, na wapo waliosema bila ile Jumatano kisingeshinda, na wapo waliosema kingeshinda tu. Mkutubi hakujali sana. Alikuwa anasubiri karatasi ya kamati, na karatasi aliletewa na Mkutubi Mkuu, ambaye siku hiyo alizishika funguo zake mkononi zisilie.

"Kazi unayo," mzee alisema. "Wamekuongezea mwaka wa majaribio. Ila kipindi wamekifuta. Wanasema kila mhadhiri atafundisha utafutaji katika somo lake mwenyewe."

"Nani atafundisha? Kwa Ufupi? Atawafundisha kuficha?"

"Mwanangu—"

"Usiniite mwanangu! Ulikuwemo. Una kiti kwenye kamati ile. Ulisema nini?"

Mzee alitazama viatu vyake. Kule kwenye kamati hakusema kitu. Mkutubi akalipiga teke toroli. Likaenda zake likilia mpaka rafu ya sheria za ndoa, likagonga, likanyamaza. Wasomaji wote waliinua vichwa. Hakuomba radhi.

Jumatano iliyofuata, saa ileile ya nzi kulala, alikuwa kaunta, amenuna, ameshapanga rafu tatu. Chumba chenye feni kilikuwa kimefungwa kufuli. Akamwona nesi anaingia, bado na viatu vyeupe vya kazi, amebeba juzuu moja kifuani kama mtoto mchanga.

"Dada, naomba kuuliza."

"Uliza."

"Huyu jogoo hapa, nitajuaje kama bado mzima?"

Mkutubi alimkodolea macho. Nyuma ya nesi alisimama mtu mwingine na juzuu. Nyuma yake mwingine. Darasa zima lilikuwa kwenye mstari, limejipinda kuzunguka meza za kusomea mpaka mlangoni, na mle ndani walikuwemo vijana wa mashati yaliyopigwa pasi, wakitazama pembeni kwa aibu.

"Mnafanya nini?" aliuliza.

"Sisi ni wasomaji," alisema nesi, akanyoosha kidole kwenye kibao. "Tunauliza."

Akaanza kujibu. Kwa sauti. Kwa hasira pia, maana ilikuwa bado ipo, haikupungua hata chembe. Kila ukurasa aliufunua kama anamvua mtu kofia. Alimjibu nesi, na waliokuwa nyuma wakasogea ili wasikie, mstari ukavunjika ukawa duara. Mzee wa funguo akatoka ofisini. Mkutubi akamwangalia, yuko tayari kwa vita.

Mzee aliangalia duara lile. Aliangalia kibao chake. Halafu akaenda kwenye kibao kingine, cha KIMYA, kilichokaa juu ya kaunta, akakigeuza uso chini, akarudi ndani. Mlango hakuufunga.

"Wameninyang'anya kipindi," mkutubi aliwaambia. "Msidhani hapa ni mahali pake. Hapa hakuna viti, mnasimama kama watu wa kituo cha maji, na mimi kesho nitaandika barua kukidai, na kesho kutwa nyingine. Mmesikia? Sijasamehe mtu."

"Tumesikia, Mama Jogoo."

Wakati huohuo viatu vikalia sakafuni. Kwa Ufupi alikuja na karatasi yake, akapita pembeni ya watu wote, akaipeleka moja kwa moja kaunta kama kawaida yake.

"Binti, nina haraka. Nataka juzuu ya—"

Mkutubi hakuinua hata kichwa. Alikuwa anamwonyesha yule kijana wa mbele tanbihi yake.

"Foleni inaanzia mlangoni, Daktari," alisema. "Na ukifika hapa, uliza vizuri. Utajibiwa."