Hodi ya Tatu kwa Bibi Mwandishi

Mahir, mwanafunzi wa bweni aliyerudi kwao Harrow, ughaibuni, kwa likizo, alikuwa chini ya hukumu nzito. Baba yake, Muhsin, alishatamka: utundu mmoja tu, na harusi ya jamaa yao huko Unguja ataisikia kwenye simu.

Akawa malaika, mpaka Muhsin alipopanga safari ya mji mmoja wa kale wenye soko, kuona nyumba ya bibi mtunga riwaya aliyefariki zamani. Bibi yake Mahir, Bi Time, akagoma.

"Nyumba ya marehemu inalipiwa kiingilio? Siendi ng'o!"

"Mwenyewe yu hai, Bibi," Mahir alisema kwa sauti ya kadhi. "Mzee sana. Anapenda wageni."

Bi Time akakaanga visheti vya kumpelekea mwenyeji.

Muhsin aliwashusha mlangoni, akaenda kutafuta pa kuegesha gari. Mlango ulikuwa wazi, foleni ikijipanga nyuma yao. Bi Time akasimama kizingitini na kikapu chake.

"Hodi!"

Kimya.

"Tuingie tu, Bibi."

"Kwa watu? Bila kukaribishwa? Huko shule mnafundishwa nini? Hodi!"

Kimya tena. Kwa Bi Time, hodi ya tatu isipojibiwa, mtu hugeuka kurudi kwao. Naye angegeuka moja kwa moja hadi kwa Muhsin, na malalamiko yake.

"Bibi, vuta pumzi kwanza!"

Akakimbia kupitia bustanini, akaingia kwa mlango wa nyuma, akamkuta mzee Lawrence, mtembeza wageni, akinyoosha tai.

"Mzee, ukisikia 'hodi', jibu 'karibu'. Kwa nguvu. Maisha yangu yako mikononi mwako!"

Lawrence hakuuliza. Inaelekea alikuwa akiingoja siku hiyo tangu ujana wake.

"Hodi!"

"KARIBUUU!"

Vikombe vya kale vikalia kabatini. Bi Time akavua viatu, akaingia kama malkia. Foleni, ikidhani ndiyo kanuni ya nyumba, ikavua viatu pia.

"Hodi!" akabisha bwana mwenye kofia.

"Karibu!" Lawrence alinguruma, mashavu mekundu, kisheti cha Bi Time mdomoni.

Ndipo Bi Time alipofika kwenye picha ya mwandishi, na chini yake mwaka wa kufa. Akamtazama mjukuu wake. Muhsin naye akaingia, akiruka lundo la viatu.

"Mama! Huyu kafanya nini tena?"

Mahir akafumba macho.

"Kafanya nini? Kanileta kwa watu, nikapokelewa. Mwenyewe hayupo, lakini nyumba ina adabu."

Kisha akamnong'oneza Mahir: "Unguja tutabisha hodi kwa kila jamaa, mtaa kwa mtaa. Mbeba visheti ni wewe."

Mahir akapokea kikapu kwa taadhima ya waziri anayeapishwa.