Chai ya Kisima cha Frednand

Ukifika kwa Frednand pale Kirushya, usije ukasema huna kiu. Utamuudhi. Atakukalisha nje, atamwita mkewe Agripina alete kikombe, na kabla hujameza funda la kwanza atakuuliza, "Unayaonaje?" Nawe itabidi uyasifie, maana hayo ni maji ya kisima alichokichimba kwa mikono yake mwenyewe, pale nyuma ya jiko.

Na tumpe haki yake, hakukichimba kwa majivuno. Alikichimba kwa sababu ya goti la Agripina. Goti lilikuwa limeanza kuvimba, na hospitali walimkanya asipande mlima na mzigo kichwani. Sasa chemchemi iko bondeni kabisa, na njia yake ukishuka unaiona rahisi, ukipanda unaitukana. Frednand hakuweza kuendelea kumwangalia mkewe akichechemea na dumu. Akashika sululu. Kiangazi chote alizama ardhini kidogo kidogo mpaka ikabaki kusikika sauti yake tu, na siku maji yalipochipuka alipiga kelele hadi majirani wakadhani ameangukiwa na udongo.

Majivuno yalikuja baadaye, na yalikuja kwa wingi.

Kweli, maji yale yalikuwa na kasoro. Ukiyateka yanang'aa. Ukiyaacha kwenye ndoo mpaka jioni, yanageuka rangi ya kutu, na ndoo yenyewe inabaki na utando mwekundu usiosuguika. "Kisima bado kigeni," Frednand alikuwa akisema. "Kikizoea kitatulia." Mwaka ukapita, kisima hakijazoea. Lakini maji ya mtungini yalikuwa safi, tena matamu, na chai ya Agripina haikuwa na mfano. Basi, akaona mambo yamekwisha. Utauliza, mtu mzima na akili zake asishtuke? Jamani! Mtungi unajaa, mwanaume anakunywa. Ni nani kati yao aliwahi kuuliza umejaaje?

Halafu binti yao Priscila akajifungua kule Lusahunga, na Agripina akafunga khanga zake akaenda kumhudumia mzazi. Frednand akabaki na jiko.

Haukupita muda, Habimana, rafiki yake wa siku nyingi, akaja kumpa hongera ya mjukuu. "Kaa, nikupikie chai," Frednand akasema, kifua mbele. Akateka maji kisimani, akachemsha, akatia majani. Chai ikageuka nyeusi. Si nyeusi ya kukolea, ni nyeusi ya wino, na juu yake unaelea utando unaometa kama mafuta ya gari.

Habimana akakitazama kikombe, akamtazama mwenyeji wake. "Ndugu yangu, unataka niinywe au niandikie barua?"

Frednand akasingizia majani. Akaimwaga, akafungua pakiti nyingine. Wino vilevile. Jioni maharage nayo yakatoka meusi, yana ladha ya msumari.

Kesho yake asubuhi Eustakia, jirani yao, akapita na dumu kichwani. "Shemeji, Agripina anarudi lini? Kule chemchemi tumepwaya bila yeye."

"Chemchemi ipi?"

Eustakia akatamani aumeze ulimi wake, lakini neno limeshatoka. "Usiniponze, shemeji," akasema. "Kila alfajiri tunashuka naye. Wewe unakuwa umelala."

Frednand akakaa chini palepale mlangoni. Kwanza zilimpanda hasira. Mwaka mzima anageuzwa kichekesho! Wageni wote wale aliowauliza "unayaonaje", kumbe anawanywesha chemchemi! Kisha likamjia lile goti. Akaliona linapanda mlima kwenye umande, na mzigo juu yake, linakipita kisima bila kusimama, ili yeye aamke akute mtungi umejaa na aendelee kujisifu. Hasira zikamwishia. Alilia, na wala sioni aibu kumsemea.

Simu alikuwa nayo mfukoni, lakini hakumpigia. Angemwambia nini? Alichotaka ni kimoja tu: Agripina akirudi, asishuke tena bondeni, hata mara moja.

Akapanda pikipiki mpaka Ngara mjini, kwa wataalamu wa maji, na chupa mbili: moja ya maji, moja ya chai. Diana, binti aliyempokea, alipoiona ile ya chai alicheka mpaka akaomba radhi. Wakayapima. "Ni madini ya chuma, mzee wangu. Yamezidi. Ubaya mwingine hatujauona, ila chuma na majani ya chai havipatani." Akamweleza la kufanya: ayamwage kutoka juu yapate hewa, ayaache yatulie ili kutu ishuke chini, kisha ayapitishe kwenye mchanga. Na ya kunywa achemshe kama kawaida.

Ukisikiliza, rahisi. Thubutu! Pipa la kwanza alilitoboa vibaya, likavuja. Mchanga hakuuosha ukatakata, maji yakatoka na tope kuliko yalivyoingia. Akauosha upya mpaka viganja vikachubuka. Kila siku akapika chai, akaimwaga. Habimana akawa anapita makusudi kuuliza, "Leo ni chai au ni wino?" Weusi ukapungua, rangi ikawa ya kahawa, ikazidi kufunguka. Asubuhi ambayo Agripina alipiga simu kwamba yuko njiani, chai ikatoka nyekundu. Frednand akaonja. Akaonja tena.

Agripina aliposhuka kwenye pikipiki, kitu cha kwanza kukiangalia kilikuwa mtungi. Mumewe akamkalisha, akamletea kikombe. Naye, kwa mazoea tu, kabla hakijafika mdomoni akaanza: "Ah, baba Priscila! Chai ya kisima chako hii, kule Lusahunga nilikuwa naiota."

"Hujaonja."

Akaonja. Mkono ukasita. Akakitazama kikombe, akageuza uso kule nyuma ya jiko, akaliona pipa na mchanga wake.

"Nani kakuambia?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Chai yenyewe. Wewe mbona hukuniambia?"

"Ulitoka mle shimoni una tope mpaka kwenye kope, unacheka kama mtoto," Agripina akasema. "Ukanikumbatia mbele za watu. Tangu unioe hujawahi. Sasa ningeanzia wapi kukuambia maji hayafai?"

Frednand akauliza, "Na goti?"

"Liliuma. Nisikudanganye tena, baba Priscila. Liliuma sana."

Frednand akachuchumaa mbele yake, akalishika lile goti kwa mikono miwili. Agripina akaimaliza chai yake taratibu, na mkono wake mwingine ukiwa kichwani kwa mumewe.

Alfajiri, saa yake ileile, Agripina akashtuka, miguu ikaanza kutafuta ndala chini ya kitanda. Frednand, ambaye mwaka mzima hakuwahi kuiona saa hiyo, alikuwa macho anamsubiri. Akamshika mkono.

"Lala, mama Priscila," akasema. "Maji yapo."